Risasi Namba Moja

Bastola ilipokwama mkononi mwa Mzee Mmanga, sote tulidhani ni mkono wake. Hata yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Tulikuwa kwenye machimbo ya zamani ya mawe, juu ya Konde, siku ya majaribio ya shabaha. Kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa haijafanya majaribio mwaka mmoja na nusu, kwa sababu risasi za kujaribia zilikuwa hazipatikani. Walinzi watano walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha gari, kila mmoja anangoja kuitwa. Mie sikuwa miongoni mwa wapigaji. Wanawake wawili wa kampuni tulipangiwa siku yetu, na siku hiyo haijafika mpaka leo. Niliambiwa nishike daftari na niokote maganda ya risasi yakianguka, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutazama, na kutazama ninakuweza.

Mzee Mmanga alikoki. Risasi ya kwanza haikuingia chemba. Ilinasa pale mlangoni, kichwa kimeinama kama mtu anayechungulia kisima, na chuma cha juu cha bastola kikabaki nusu wazi. Akaitoa, akakoki tena. Ya pili ikalia. Ya tatu ikanasa. Ya nne ikalia. Ya tano ikanasa, ya sita ikanasa, na hapo msimamizi wetu, Bwana Nassor, akainua mkono akasema basi.

Baada yake akaitwa Fahmi wa lindo la Wete, na bastola yake ya Wete. Risasi nane, milio minane, wala hakupepesa jicho. Akarudi kivulini akasema labda bastola yetu ya Makangale imezoea kusinzia na mlinzi wake. Watu wakacheka. Mzee Mmanga naye akacheka, na ndipo nilipojua kuwa limemuingia.

Bwana Nassor alizungumza naye kando, lakini machimbo yale yana mwangwi, tukasikia. Alimwambia kampuni inamheshimu. Alimwambia bastola hizi za kujikoki zenyewe zinataka mkono uliokaza. Mkono ukilegea, chuma hakirudi nyuma mpaka mwisho, na risasi inayofuata haipandi sawa. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye na anayejua zaidi kuwa ni kweli. Akampa wiki tatu. Alhamisi ya mwezi mpya atakuja fundi wa silaha kutoka Unguja kukagua bastola zote za kampuni, na Mzee Mmanga atapiga tena mbele yake. Ikikwama tena, kampuni itamshukuru.

Kwetu kazini, kushukuriwa maana yake ni kurudisha sare.

Mzee Mmanga ana miaka sitini na moja. Mkewe, Bi Asya, ana sukari, na mguu mmoja hauna hisia. Hatoki nyumbani ila kwenda kliniki. Watoto wako Tanga na wana shida zao. Ukimtoa lindoni, hapana pahala pengine Makangale patakapomchukua mtu wa umri wake, labda msituni kukata kuni, na huko nako unatakiwa mgongo. Yeye hakuyasema haya. Niliyajua kwa kuwa tumekabidhiana lindo asubuhi na jioni kwa miaka miwili, na watu wakikutana mara mbili kwa siku kila mmoja amechoka, hawafichani mengi.

Lindo letu ni hoteli ndogo ufukweni, nyumba kumi na mbili za makuti. Zamani walinzi walikuwa na virungu tu. Kisha wezi wakaja kwa bahari wakaondoka na mashine tatu za boti, mwenye hoteli akataka bastola, ikaja bastola. Ni moja tu. Mchana inakaa kiunoni kwangu, usiku inakaa kiunoni kwa Mzee Mmanga.

Makabidhiano yake ni haya. Anayetoka anachomoa magazini, anavuta chuma cha juu ili risasi iliyomo chemba itoke, anazipanga risasi zote nane juu ya meza. Anayeingia anazihesabu, anazirudisha kwenye magazini moja moja, anaelekeza bastola kwenye pipa la mchanga, anakoki, anafunga usalama. Wote wawili tunatia saini. Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, sikukuu na siku za kazi.

Na namba niliziandika mie.

Katika lindo moja la kusini ilipotea risasi. Wa usiku akasema alikabidhi nane, wa mchana akasema alipokea saba, wakafukuzwa wote wawili. Nilipoisikia habari ile sikulala. Mtu aliyeishia darasa la saba kama mie, akifukuzwa kwa wizi wa risasi, nani atamsikiliza? Basi siku ya pili nikachukua rangi ya kucha ya mdogo wangu Shamima, nyekundu, aliyonunua kwa ajili ya harusi ya jirani, nikachonga chelewa ya ufagio, nikaandika namba ubavuni mwa kila risasi, moja mpaka nane. Nikapiga mistari kwenye daftari, kila namba na kisanduku chake. Moja ipo, mbili ipo, mpaka nane. Mzee Mmanga alipokuja jioni akacheka, akasema sasa risasi zimetiwa hina, bado kutafutiwa waume. Lakini akazihesabu kwa namba, na tangu siku ile hatukuhesabu vingine. Nane inatangulia chini, moja inakuja juu.

Bwana Nassor alipopita ukaguzi akafurahi sana. Akazipiga picha akairusha kwenye kundi la simu la walinzi, na chini yake akaandika: Huu ndio uaminifu, kila lindo lifanye hivi. Nilipigiwa makofi ya vidole kwenye simu siku nzima. Wa malindo mengine waliandika kwa kalamu, wino ukafutika ndani ya wiki, wakaacha. Sisi hatukuacha. Namba zikianza kumeguka nilipaka tena juu ya rangi ya zamani, kila baada ya mwezi hivi, na juu yake tena.

Sasa turudi baada ya majaribio. Zile risasi mbili zilizolia pale machimboni, namba mbili na namba nne, kampuni ilizirudisha kwa mpya. Dereva alizileta kwenye bahasha. Nilitaka kuziandika siku ile ile, nikakuta rangi ya Shamima imekauka ndani ya chupa. Nikaziacha wazi.

Asubuhi yake nikawa nazirudisha kwenye magazini. Nane, saba, sita, tano, hizi nilizisukuma kwa kidole gumba kama siku zote, zinashuka kwa kukwaruza. Ile mpya ya nne ikateleza yenyewe. Nikasita. Namba tatu ikakwaruza, mpya ya pili ikateleza. Nikazitoa zote nikazitia upya, ikawa vile vile. Mzee Mmanga alikuwa ameshavaa kofia yake anataka kwenda, akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna.

Sikumwambia kwa kuwa sikuwa na hakika, na mtu mwenye wiki tatu humpi matumaini ya kubahatisha.

Siku zilizofuata nilitazama. Mchana pale getini hapapiti mtu baada ya saa nne, wageni wako baharini, na kazi nzima ni kusimama na kutokwa jasho. Nilingojea makabidhiano, na kila nilipozipanga risasi mezani nilizilaza juu ya karatasi ya daftari, kitako kwenye mstari mmoja, kichwa kuelekea mistari ya juu. Zote saba vichwa vilifika mstari ule ule. Namba moja haikufika. Ilipungua kama unene wa ukucha.

Ilinichukua siku tatu kuelewa, ingawa jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho. Namba moja ndiyo inayokuwa juu. Inayokuwa juu ndiyo inayoingia chemba tukikoki, na ndiyo inayotolewa tukikabidhi. Kila asubuhi inagonga kichwa, kila jioni inagonga kichwa. Nilipiga hesabu pembezoni mwa daftari: zaidi ya mara elfu moja. Kichwa cha risasi kilikuwa kimezama ndani ya ganda lake, kidogo kidogo, kwa mikono yetu wenyewe, kwa sababu sisi ni watu wa kufuata namba.

Jumatatu jioni, zikiwa zimebaki siku tatu, nilimuonesha Mzee Mmanga. Alikuja na mkono wa kulia umevimba kwenye viungo. Tangu siku ya machimbo alikuwa anaufanyisha mazoezi. Yeye ndiye aliyekuwa anakamua tui la nyumba nzima, akilifinya chicha mpaka likawa unga mkavu, na Bi Asya alimwambia mbele ya majirani kwamba aliolewa na askari na sasa anaishi na mpishi. Alinihadithia hayo huku anakaa, na alikuwa anatabasamu.

Nikazilaza risasi kwenye mistari. Nikamwambia atazame namba moja.

Alitazama bila miwani, kisha akavaa miwani akatazama tena. Nikamueleza ya kukoki na kutoa. Nikamuonesha zile mpya zinavyoteleza na hizi za rangi zinavyokwaruza. "Si nkono wako, mzee wangu," nikamwambia. "Ni namba zangu."

Upande wa jiko la hoteli walikuwa wanavunja barafu kwa mchi.

"Nani aliyeandika namba?" akaniuliza.

"Mie."

"Na nani aliyezitia kwenye simu za watu?"

"Bwana Nassor."

"Basi weye nyamaza."

Nikamwambia siwezi kunyamaza, ataondolewa kwa kosa lisilo lake. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Nisikilize, Mwanawema. Mie nikiondoka, watu watasema kazeeka. Weye ukiondoka, watasema kaharibu bastola ya watu. Lipi jepesi?" Akasema yeye ameshakula umri wake, mie nina miaka ishirini na tatu, na hapa kaskazini hakuna atakayenipa kazi ya ulinzi nikishaandikwa vile. Akazirudisha risasi yeye mwenyewe, nane chini, moja juu, kama kawaida, akaelekeza kwenye pipa la mchanga akakoki. Ilipita mara hiyo. Akatia saini, akanisukumia kalamu.

Nilitembea kwenda nyumbani nikaona kuwa nimefurahi kuambiwa ninyamaze. Furaha ile ilinitia uchungu zaidi kuliko maneno yake. Jumanne na Jumatano nilikuja kazini nikasimama getini, na nadhani sijapata kuchoka vile hata msimu wa karafuu, nilipokuwa mdogo, tulipokuwa tunachambua mpaka vidole vikawa vyeusi.

Alhamisi asubuhi gari lilituchukua sote wawili mpaka machimboni. Mlinzi wa Wete, Fahmi, alikuwepo na wengine. Fundi alikuwa ameshafika. Jina lake Jabir, mtu mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni, ametandika gazeti juu ya boneti la gari na kupanga brashi zake na vitambaa vyake. Alimuamkia Mzee Mmanga shikamoo kwa heshima, akamuuliza hali ya nyumbani, akauliza kwa marefu, mpaka Bwana Nassor akatazama saa.

Bwana Nassor alimueleza kwamba bastola hii haina tatizo, alishaitazama. Tatizo ni umri, na hilo si aibu, kila mtu atafika.

"Nani mwingine aliyeipiga siku ile?" fundi akauliza.

Hakuna aliyeipiga mwingine. Bwana Nassor akasema muda ulikuwa mdogo.

Fundi akasema vyema, basi mzee apige kama alivyopiga, atamtazama mkono. Mzee Mmanga akatoa risasi mfukoni mwa mkoba, akaanza kuzitia. Nane. Saba. Sita. Alizitia kwa mpango wake, hakuharakisha, na wala hakunitazama. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimeshika kikopo cha maganda. Ya mwisho ilikuwa ile. Niliiona rangi nyekundu ikizama chini ya kidole gumba chake, akaipandisha magazini kwenye mpini, akashika chuma cha juu.

Nikasema, "Fundi, naomba uitazame ya juu kabla hajakoki."

Bwana Nassor akaniambia, bila kugeuka, kwamba kazi yangu ni maganda. Mzee Mmanga akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyevunja sahani mbele ya wageni. Lakini fundi alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaichukua bastola, akachomoa magazini, akaisukuma ile risasi ya juu ikatoka kiganjani mwake. Akatoa nyingine katika kasha lake mwenyewe, akazisimamisha mbili juu ya gazeti, akainama mpaka pua ikakaribia kuzigusa.

Alipoinuka, uso ulikuwa mwingine. Akasema risasi hii asiipige mtu. Kichwa kikizama hivi, nafasi ya baruti inakuwa finyu, nguvu inazidi kipimo, na bastola inaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Akamuuliza Mzee Mmanga kama siku ile ilinasa. Mzee Mmanga akasema ndiyo, ilinasa. "Mshukuru Mola wako kwamba ilinasa," fundi akamwambia, akaitia ile risasi kwenye mfuko wa peke yake.

Jambo hili mie sikulijua. Nilijua ni fupi, sikujua ni hatari. Nikaweka kikopo chini. Siku tatu nilikuwa nimenyamaza, na kila jioni yeye aliivaa kiunoni.

Fundi akauliza rangi hii ni nini. Nikamueleza yote, tangu risasi iliyopotea kusini mpaka chupa iliyokauka, na ya kukoki mara elfu. Nilisema taratibu, nikitazama lile gazeti. Nikasema namba niliziandika mie na kuzirudia rudia mie. Fundi akageuza magazini kichwa chini, akafungua kitako chake, akavuta springi. Kikamwagika kitu juu ya gazeti, chengachenga nyekundu, kama zile zinazobaki mkekani biharusi akishapambwa. Akapuliza ndani, zikatoka zaidi.

"Hii bastola ilikuwa inakwenda harusini," akasema. Fahmi alicheka peke yake, kisha akaacha.

Akatueleza, au alimueleza Bwana Nassor na sisi tukasikia, kwamba ndani ya magazini panatakiwa pawe pakavu na pasafi, hata mafuta hayatiwi, kwani risasi zinapandishwa na springi tu. Zikikwaruza zinachelewa, na chuma cha juu hakingoji. Na risasi moja haikokiwi kila siku. Inazungushwa, inapewa ya chini nayo zamu, na ikishagonga mara chache inawekwa kando. Akasema haya ni makosa ya watu waangalifu. Wazembe hawawezi kuyafanya, kwa sababu hawahesabu.

Bwana Nassor alikuwa amekunja mikono. Akasema yeye aliagiza namba, hakuagiza rangi ya kucha. Alikusudia kalamu. "Mimi sikusema rangi ya kucha, Mwanawema."

Nikamwambia ni kweli, hakusema.

Ile picha sote tulikuwa nayo kwenye simu, nyekundu kabisa, na maneno yake chini. Hakuna aliyetoa simu mfukoni.

Fundi akasafisha. Alipitisha kitambaa chenye spiriti ndani ya magazini mara nyingi, akapitisha kikavu, akapiga mswaki pale mlangoni pa chemba penye mteremko ambao risasi inaupanda. Springi akaivuta akaitazama kwenye mwanga, akasema imechoka kidogo lakini inafanya kazi. Akatia risasi tatu za kasha lake, akapiga mwenyewe. Zikapita tatu. Kisha akatia nane, akampa Mzee Mmanga.

Mzee Mmanga alisimama miguu imeachana kama walivyofundishwa askari wa zamani. Ya kwanza ikalia. Ya pili, ya tatu, ya nne, maganda yakaruka upande wangu, nikayatazama yalikoanguka. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ya tano ikalia. Kisha nikatazama mkono, na natamani nisingeutazama. Kiwiko kilikuwa kimeanza kushuka. Kifundo cha mkono wa kulia, kile kilichovimba, kilikuwa kinatetemeka kidogo kama kamba iliyobeba ndoo iliyojaa. Ya sita ikalia, na mkono wote ukapanda juu na kurudi ukiwa umelegea, na ya saba ikanasa.

Mwangwi ukaisha machimboni.

Bwana Nassor akasema, "Sasa?" Akasema magazini ni safi, risasi ni mpya, rangi hakuna, sasa tuseme ni nini.

Fundi alikuwa amesimama upande wa kulia wa Mzee Mmanga, karibu kuliko mie. Aliuona. Najua aliuona, kwa sababu macho yake yalikuwa bado kwenye kifundo, na yalikaa pale muda mrefu. Mzee Mmanga aliishikilia bastola imeelekea kwenye kifusi, chuma cha juu nusu wazi, ile risasi imeinamisha kichwa mlangoni.

"Springi," fundi akasema.

Bwana Nassor akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ametoka kusema springi inafanya kazi. Fundi akasema inafanya kazi, lakini imechoka, na springi iliyochoka inaachia mwishoni. Akasogea, akaitoa ile risasi iliyonasa, akamrudishia bastola. "Malizia, mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Kaza kiwiko. Kibane kwenye ubavu." Mzee Mmanga akabana kiwiko ubavuni, nikaona mshipa wa shingo umemsimama, akapiga iliyobaki. Ikalia.

Fundi akaenda kwenye boneti kuandika. Hapo Bwana Nassor akanigeukia mie. Nadhani alikuwa na hasira ya ile picha, na nadhani pia alitaka kujua ukweli; mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Akaniambia, "Wewe unayeona kila kitu. Hii ya saba umeona nini?"

Watu wote walinitazama isipokuwa Mzee Mmanga. Yeye alikuwa anaipangusa bastola kwa kitambaa cha fundi, anapangusa pahala pamoja tu.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimesema kweli yangu yote mbele ya watu, na nilidhani kweli ni jambo moja, ukishaanza unaendelea nayo mpaka mwisho. Nikawaza usiku pale hotelini, boti zinakuja, na ule mkono. Nikamuwaza Bi Asya na mguu wake. Nikawaza kwamba wezi wale walikuja mara moja tu katika miaka yote, na kwamba hilo si jibu.

"Nimeona risasi imenasa," nikasema.

"Kwa sababu gani?"

"Fundi kashasema."

Bwana Nassor alinitazama kidogo, kisha akaitia kalamu yake mfukoni. Karatasi ya fundi ilisomeka hivi: magazini imesafishwa, risasi za zamani ziondolewe zote, springi ibadilishwe, mlinzi hana tatizo. Mzee Mmanga akatia saini chini yake. Mie nikapewa yangu baadaye, barua ya onyo, imeandikwa kwa mkono pale pale kwenye gari: nimechezea silaha ya kampuni bila ruhusa. Bastola nisiishike mpaka nipate mafunzo. Fahmi atahamia Makangale mchana, mie nitasimama naye getini na kirungu. Nikauliza mafunzo yatakuwa lini. Bwana Nassor akasema nitaarifiwa. Nikatia saini na mie.

Tulirudi nyuma ya gari, Mzee Mmanga na mie, tumekaa kwenye mbao tunaelekeana. Nilingojea anigombeze kwa kumuasi. Barabara ya msituni ilikuwa na kivuli na baridi.

"Ulikiona kifundo," akasema mwishowe.

Nikatazama miti inavyopita.

"Na yule fundi naye kakiona. Ntu mwema." Akaugeuza mkono wake wa kulia juu ya goti, kiganja juu, akautazama. Akaniuliza springi mpya itafika lini. Nikamwambia nilimsikia fundi akisema zinaagizwa, miezi miwili, pengine mitatu.

"Basi mitatu inanitosha," akasema. "Springi ikifika na mie naandika barua yangu mwenyewe. Sishukuriwi na ntu. Naandika kuwa nimechoka."

Nikamuuliza na Bi Asya je. Akasema miezi mitatu ni mingi, Mungu hajafunga milango. Lakini alisema kama anavyosema mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani na wengine.

Gari likaingia kwenye shimo, tukarushwa, sote wawili tukashika ubavu wa gari tusianguke. Yeye alishika kwa mkono wa kushoto.